Makombora ya Sumu Yaliyofukuliwa Iraki: Je, Yanahalalisha Vita ya 2003?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Wiki ijayo nina mdahalo na nimepangwa upande wa kupinga hoja isemayo: 'Silaha za kemikali zilizopatikana Iraki zinahalalisha vita ya 2003.' Nilidhani kazi ni nyepesi, maana tangu sekondari tunaambiwa hakuna silaha yoyote iliyopatikana. Nilipomweleza mjomba wangu, alicheka. Alikuwa mlinzi wa kampuni binafsi kwenye kambi moja kaskazini mwa Baghdad mwaka 2008 na 2009. Anasema makombora ya sumu yalikuwepo, Wamarekani walikuwa wakiyafukua, na yeye mwenyewe alibabuka malengelenge mkononi baada ya kusaidia kusogeza vyuma chakavu. Kisha akanionyesha habari kwamba yalipatikana maelfu. Kama yalikuwepo, basi Bush alisema kweli? Rafiki zangu wananishauri niseme yalikuwa mabovu tu, hayana madhara. Naomba msaada nisije nikaumbuka mbele za watu."*

Marahaba. Mjomba wako hajakudanganya, na afadhali umeyasikia kwake kuliko kuyasikia kwa mpinzani wako ukiwa umeshasimama mbele ya watu. Makombora yalikuwepo na yalipatikana kwa maelfu, na baadhi yaliunguza watu. Ukienda kwenye mdahalo na sentensi ya "hakuna silaha iliyopatikana", utaangushwa dakika ya kwanza. Ushauri wa rafiki zako ni mbaya zaidi, kwa sababu kwa sehemu kubwa si kweli, na anayeujua mkono wa mjomba wako ataona kuwa unasema usilolijua.

Hata hivyo upande wako ndio wenye hoja nzito, ila inabidi uijenge upya. Swali la kama kulikuwa na silaha za kemikali ndani ya ardhi ya Iraki ni moja, na jibu lake ni ndiyo. Swali la kama zilizopatikana ndizo zile ambazo dunia iliambiwa zipo, na kwamba kuwepo kwake kulihitaji vita, ni jingine kabisa. Anayetetea vita hii kwa makombora yale huthibitisha swali la kwanza, kisha hujichukulia ushindi wa la pili bila kulijibu.

Tuanze na kilichopatikana. Mei 2004 kombora la mzinga lenye sarini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, lilitegwa kando ya barabara Baghdad kama bomu la kawaida. Waliolitega karibu hakika hawakujua lina nini ndani. Wanajeshi wawili wa Marekani walitibiwa kwa dalili ndogo za sumu. Juni 2006 wanasiasa wawili wa Bunge la Marekani, Rick Santorum na Pete Hoekstra, walitangaza kwamba tangu 2003 zilikuwa zimepatikana silaha kama 500 zenye haradali (sumu ya kubabua ngozi, si kiungo cha chakula) au sarini iliyochakaa. Oktoba 2014 gazeti la New York Times likaeleza kwa kirefu kwamba kati ya 2004 na 2011 wanajeshi wa Marekani walikutana na silaha kama 5,000, zikiwemo makombora ya mizinga, vichwa vya roketi na mabomu ya ndege, na likawataja wanajeshi 17 wa Marekani na polisi 7 wa Iraki walioathirika. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikiri baadaye kwamba zaidi ya wanajeshi 600 walikuwa wameripoti kuhisi wameguswa na sumu hizo. Mwaka uliofuata ikafichuka kwamba katika 2005 na 2006 ujasusi wa Marekani ulinunua kwa siri roketi zisizopungua 400 za sarini kutoka kwa Mwiraki mmoja, ili zisiangukie mikononi mwa wapiganaji.

Takwimu hizi zikubali zote, hata kabla mpinzani wako hajazisoma. Kisha uliza swali moja: zilitengenezwa lini?

Hilo ndilo kitovu cha mdahalo wako. Zote zilitengenezwa kabla ya 1991. Hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa ya baadaye. Ukitaka kujua kwa nini zilikuwa bado zimezagaa nchini miaka 15 au 20 baada ya kutengenezwa, lazima uielewe historia ya mpango wenyewe.

Iraki ilijenga kiwanda kikubwa cha sumu huko Muthanna, karibu na Samarra, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa vifaa na utaalamu uliotoka kwa sehemu kubwa katika kampuni za Ulaya, hasa za Ujerumani Magharibi. Ilikuwa vitani na Iran. Kwa maelezo yake yenyewe kwa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, ilizalisha karibu tani 3,850 za sumu: haradali, sarini, na sumu nyingine za mishipa ya fahamu, yaani tabuni na kiasi kidogo cha VX. Silaha zilizojazwa zilikaribia 130,000, na zaidi ya 100,000 zilitumika vitani. Tarehe 16 Machi 1988 sumu hiyo iliangushwa juu ya Halabja, mji wa Wakurdi wa Iraki wenyewe, na maelfu ya watu wakafa kwa siku moja. Usilipitie hili haraka jukwaani. Mpinzani wako atalitumia, tena kwa haki, na ukionekana unalikwepa utapoteza heshima ya wasikilizaji.

Sasa fikiria jeshi lililo vitani likisambaza silaha 130,000 katika maghala, vituo vya mizinga na viwanja vya ndege vya nchi nzima. Nyingi hazikuwa na alama ya kuzitofautisha na makombora ya kawaida, au rangi yake ilikuwa imefutika. Januari na Februari 1991 ndege za Marekani na washirika wake zikayapiga maghala hayo. Katika handaki namba 13 huko Muthanna mlikuwa na roketi kama 2,500 za sarini. Bomu lilitoboa paa, zilizokuwamo zikageuka mchanganyiko wa sumu, baruti na zege iliyobomoka, na wakaguzi walipoona hatari ya kuingia wakaamua kulifunga kwa matofali na saruji.

Tarehe 3 Aprili 1991 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 687. Iraki ilitakiwa kutangaza silaha zake zote na kuziteketeza chini ya usimamizi wa wakaguzi wa UNSCOM, tume ya Umoja wa Mataifa. Wakaguzi hao wakaharibu zaidi ya silaha 38,000, zilizojazwa na zilizo tupu, tani 690 za sumu na zaidi ya tani 3,000 za kemikali za kuitengenezea. Hii kazi haisifiwi inavyostahili. Wakaguzi wasio na bunduki waliteketeza sumu nyingi zaidi ya Iraki kuliko mabomu yote ya 1991.

Tatizo lilianzia kwa Wairaki wenyewe. Katika kiangazi cha 1991, wakiogopa kubainika wamesema uongo katika tangazo lao la kwanza, walilipua na kuzika kwa siri sehemu ya silaha ambazo hawakuzitangaza. Hawakuita shahidi wala hawakuweka kumbukumbu za kueleweka. Walipokuja kukiri, hesabu haikulingana tena. Makombora 550 ya haradali yalisemekana "yamepotea" baada ya vita. Waraka mmoja wa jeshi la anga ulionyesha kuwa mabomu yaliyodondoshwa Iran yalipungua kwa kama 6,500 kuliko Iraki ilivyodai. Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa UNMOVIC, tume iliyoirithi UNSCOM, aliyataja haya mbele ya Baraza la Usalama tarehe 27 Januari 2003, na alikuwa mwangalifu: hakusema mabomu hayo yapo, alisema hesabu yake haijakamilika. Wanasiasa wa Washington na London wakaisoma "haijakamilika" kana kwamba imeandikwa "imefichwa".

Kwa hiyo silaha 5,000 za mjomba wako ni mabaki ya mlolongo huo: yaliyosahaulika ghalani, yaliyochanganywa na makombora ya kawaida, yaliyorushwa huku na huko na milipuko ya 1991, na yaliyozikwa nusunusu. Ukizigawa kwa 130,000 unapata kama nne katika kila 100. Kwa jeshi lililopigana vita mbili ndani ya miaka kumi na moja, mabaki ya kiasi hicho hayashangazi. Kisha baada ya Aprili 2003 maghala ya silaha ya Iraki yakaachwa bila walinzi, watu wakayavamia kutafuta shaba na vyuma, na vyuma hivyo vikaanza kutembea nchini. Ni rahisi kuona vilivyofika kwenye rundo alilolisogeza mjomba wako.

Sasa hoja ya rafiki zako, kwamba vilikuwa vibovu visivyo na madhara. Hapa kemia ni muhimu, kwa sababu sumu hazizeeki sawa.

Haradali ya salfa ni kimiminika kizito chenye mafuta, kinachoganda kwenye baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi. Ikifungiwa ndani ya chuma kizima, isipate maji wala hewa, hukaa miongo mingi. UNSCOM walipochukua sampuli kwenye makombora ya milimita 155 yaliyokaa miaka saba, walikuta haradali safi kwa asilimia 94 hadi 97. Wavuvi wa Bahari ya Baltiki wamekuwa wakiunguzwa na mapande ya haradali yanayonaswa nyavuni, mabaki ya shehena za Ujerumani zilizotupwa baharini baada ya 1945. Ubaya wake ni ukimya. Ikikugusa huhisi kitu, na dalili huchelewa kati ya saa mbili na 24. Ndipo macho yanawaka, ngozi inakuwa nyekundu na malengelenge yanavimba. Haina dawa ya kuipinga. Kinachosaidia ni kuiondoa mwilini ndani ya dakika chache za mwanzo, na dakika hizo ndizo ambazo mtu hajui kuwa ameguswa.

Sarini ya Iraki ni habari nyingine. Haikuwa safi tangu siku ya kwanza, na uchafu uliobaki ndani yake huzaa tindikali inayokula chuma cha kombora na kuivunja sumu yenyewe. Wairaki walilijua tatizo hilo, ndiyo maana walipendelea kuchanganya vimiminika viwili karibu na wakati wa kutumia. Sarini iliyojazwa mwaka 1988 kwa kawaida ilikuwa imebaki dhaifu sana kufikia 2003. Nimesema kwa kawaida, kwa sababu baadhi ya roketi zilizonunuliwa na ujasusi wa Marekani zilipopimwa zilikutwa na sarini yenye nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo usiseme "hazina madhara". Sema kwamba zilikuwa hatari kwa anayezigusa, mlinzi, mtegua mabomu au muuza vyuma chakavu, lakini hazikuwa tena silaha ambazo jeshi lingeweza kuzitoa ghalani, kuzipanga na kuzirusha kwa amri. Kombora lenye kutu, fyuzi iliyooza na ganda linalovuja humtisha aliyelibeba kabla ya kumtisha adui.

Rudi sasa kwenye kilichodaiwa kabla ya vita. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba kwa makadirio ya chini Iraki ilikuwa na akiba ya tani 100 hadi 500 za sumu za kemikali, zinazotosha kujaza roketi 16,000. Aliongeza maabara za sumu za vijidudu zinazotembea juu ya malori, madai yaliyotegemea hasa mtoa habari mmoja aliyepewa jina la Curveball, ambaye baadaye alikiri kuwa alitunga. Picha iliyochorwa ilikuwa ya mpango ulio hai: viwanda vinafanya kazi, akiba inaongezeka, na Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, anaweza kuitumia au kuwakabidhi magaidi wakati wowote. Hilo ndilo dai la kupimwa.

Marekani yenyewe ililipima. Kikundi cha uchunguzi wa Iraki, kilichoongozwa kwanza na David Kay kisha Charles Duelfer, kilikuwa na watu zaidi ya elfu moja, fedha tele na nchi nzima mikononi. Ripoti yake ya Septemba 2004 ilisema Iraki iliteketeza yenyewe akiba yake isiyotangazwa mwaka 1991, na haikuonekana dalili ya kuaminika kwamba ilianza tena kuzalisha. Iliyataja na makombora yenyewe: machache, ya zamani, yaliyotelekezwa. Desemba 2005 Rais Bush alisema hadharani kuwa taarifa nyingi za kijasusi zilikuwa na makosa. Na 2006, Santorum na Hoekstra walipotangaza yale 500, maafisa wa ulinzi wa serikali hiyo hiyo walisema hizo sizo silaha zilizotafutwa.

Mwulize mpinzani wako swali hili kwa upole: kama makombora haya yalikuwa uthibitisho, kwa nini serikali iliyouhitaji uthibitisho kuliko mtu yeyote duniani iliyafunika? Wanajeshi walioungua waliambiwa wanyamaze, na baadhi walicheleweshewa matibabu yaliyostahili. Ilikuwa funika kombe. Sababu zinaweza kuwa nyingi: aibu, hofu ya kuwaonyesha wapiganaji mahali pa kutafuta, na hata chimbuko la Kimagharibi la sehemu ya silaha hizo. Hakuna inayomsaidia anayesema zilithibitisha vita.

Ukitaka mfano wa kuwachangamsha wasikilizaji: umemtuhumu jirani kwamba anapika gongo kila usiku, ukavunja nyumba yake, kisha uani ukafukua chupa kuukuu za wakati alipokuwa kweli mpika gongo, na hilo mtaa mzima ulilijua. Chupa ni za kweli, lakini hazikuwa tuhuma yako.

Upande wa pili ukiwa na mtu anayejua sheria, ataachana na Powell na kusema hivi: azimio 687 lilitaka Iraki itangaze kila kitu, haikutangaza, azimio 1441 la tarehe 8 Novemba 2002, lililopita kwa kura 15 kwa sifuri, lilisema iko kwenye ukiukaji mkubwa na kuipa nafasi ya mwisho, kwa hiyo hata kombora moja lisilotangazwa ni ukiukaji, na ukiukaji unafufua ruhusa ya kutumia nguvu iliyotolewa na azimio 678 la 1990. Usiidharau. Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, Peter Goldsmith, aliiwasilisha kwa Bunge tarehe 17 Machi 2003, na ndiyo hoja bora waliyonayo.

Ina matundu matatu, na la kwanza lilitobolewa na Goldsmith mwenyewe: siku kumi kabla, katika waraka wa siri wa tarehe 7 Machi, aliandika kwamba njia salama zaidi kisheria ni kupata azimio jipya. La pili ni maandishi ya 1441. Azimio hilo halikusema "ikikiuka, pigeni". Lilisema ukiukaji uripotiwe na Baraza likutane kuutafakari, na mabalozi wa Marekani na Uingereza walisema siku ile ile kwamba halina kichocheo cha vita kinachojifyatua chenyewe. Katiba ya Umoja wa Mataifa inaruhusu nguvu kwa njia mbili tu: kujihami dhidi ya shambulio la silaha chini ya ibara ya 51, au kwa idhini ya Baraza. Kombora lililozikwa Samarra tangu 1988 si shambulio, na idhini mpya haikupatikana. Septemba 2004 Katibu Mkuu Kofi Annan aliiambia BBC kuwa kwa mtazamo wa Katiba hiyo vita haikuwa halali.

Tundu la tatu ndilo ningelitumia muda mrefu zaidi. Dawa ya silaha zisizotangazwa ilikuwa imeshaanza kutumika. Wakaguzi walirudi Iraki tarehe 27 Novemba 2002 na kufanya zaidi ya ukaguzi 700. Tarehe 16 Januari 2003, kwenye ghala la Ukhaidir, walikuta vichwa 12 vya roketi za kemikali, vitupu, ambavyo Iraki haikuwa imevitangaza. Hicho ni kifaa cha aina ile ile kilichofukuliwa baadaye kwa maelfu. Kilifanyiwa nini? Kilirekodiwa, kikapigwa lakiri, kikapangiwa kuharibiwa, na hakuna aliyekufa. Machi mosi Iraki ikaanza kusaga makombora ya Al Samoud 2 yaliyozidi masafa yaliyoruhusiwa, na kama 70 yalikuwa yameshaharibiwa vita ilipoanza. Tarehe 7 Machi Blix aliliambia Baraza kuwa kazi iliyobaki haihitaji miaka wala wiki, inahitaji miezi. Tarehe 18 wakaguzi waliondolewa, na tarehe 20 mabomu yakaanza. Tume ya John Chilcot ya Uingereza, iliyochunguza vita hiyo na kutoa ripoti Julai 2016, ilihitimisha kuwa wakati ule vita haikuwa njia ya mwisho iliyobaki.

Kuna jambo la haki kwa upande wa pili ambalo nisingelificha: Saddam asingewaruhusu wakaguzi warudi bila majeshi kukusanyika Kuwait. Blix mwenyewe alilikubali. Vilevile ripoti ya Duelfer ilisema Saddam alitaka kulinda ujuzi wa kuanza upya siku vikwazo vitakapoondoka. Kubali yote mawili. Kisha onyesha kuwa tishio la nguvu lilikuwa limeshaleta matunda, na nia ya mtu kutenda jambo siku moja si shambulio.

Huenda mpinzani wako akazunguka kwenye 2014: wapiganaji wa ISIS waliiteka Muthanna mwezi Juni, je, bila vita silaha hizo zisingewafikia? Swali lenyewe linajiumiza, maana ISIS ilizaliwa ndani ya Iraki iliyovunjwa na vita hiyo. Zaidi, haradali iliyotumiwa na ISIS dhidi ya Wakurdi na huko Syria mwaka 2015, kwa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, ilitengenezwa na wao wenyewe. Mabaki ya handaki namba 13 hayakuwa kitu cha kubebeka. Iraki, iliyojiunga na Mkataba wa Silaha za Kemikali mwaka 2009, ilimaliza kuyashughulikia, na Machi 2018 shirika linalosimamia mkataba huo, OPCW, likatangaza kuwa mabaki ya silaha za kemikali za Iraki yameisha.

Usiyaite makombora hayo "silaha kongwe" kana kwamba ni jina la kisheria. Mkataba unahifadhi neno hilo kwa zilizotengenezwa kabla ya 1925, na zile za 1925 hadi 1946 zilizochakaa kiasi cha kutotumika. Za Iraki, za miaka ya 1980, kisheria ni silaha za kemikali kamili hata zikiwa na kutu. Msomaji wa sheria akikukamata hapo utapoteza alama bure. Sema "mabaki ya mpango wa kabla ya 1991".

Ukibaki na dakika moja, taja kuwa mabaki ya namna hii yapo kwingi. Wakulima wa Ubelgiji bado hulima makombora ya gesi ya 1914 hadi 1918. Japani inafukua yale iliyoyaacha China. Mwaka 1993 mafundi waliochimba mtaro ndani ya jiji la Washington, mtaa wa Spring Valley, walikuta makombora yaliyozikwa tangu Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ilimaliza kuteketeza akiba yake iliyoitangaza Julai 2023, miaka 11 baada ya tarehe ya mwisho ya mkataba. Libya ndiyo mfano unaofanana zaidi: Gaddafi alijiunga na mkataba 2004 lakini akaficha makombora ya haradali, serikali iliyomfuata ikayatoa 2011, na yakateketezwa kufikia 2014 kwa tanuri na wakaguzi. (Mfano huo una kasoro moja, uitaje kabla hujatajiwa: mwenye kuficha alikuwa ameshang'olewa, tena kwa vita nyingine.)

Kuhusu mpangilio wa hotuba yako: anza kwa kukubali takwimu, nenda kwenye tarehe ya kutengenezwa, kisha dai la Powell, na malizia na vichwa 12 vya Ukhaidir. Sheria iweke akiba kwa ajili ya maswali, labda mwamuzi awe mwanasheria. Vifungu vya 1441 mwombe mhadhiri wa sheria ya kimataifa hapo chuoni apitie nawe maandishi yenyewe, kwa sababu neno moja la azimio likikosewa linageuza maana, na hilo halifanywi vizuri kwa barua.

Mwisho, mkono wa mjomba wako unanishughulisha kuliko mdahalo. Malengelenge yaliyotokea saa kadhaa baada ya kushika vyuma katika maghala ya kaskazini mwa Baghdad yanaweza kuwa ya haradali. Yanaweza pia kuwa ya mafuta, ya tindikali ya betri au ya kitu kingine, na hakuna awezaye kuamua kwa kusoma maelezo. Haradali inaweza kuacha makovu yenye madoa meusi au meupe, kikohozi kisichoisha, kubana kifua na macho makavu yanayowasha miaka mingi baadaye, na huongeza hatari ya saratani. Aende hospitali kubwa yenye daktari wa kifua na wa macho, apimwe nguvu ya mapafu na ngozi ikaguliwe. Kama anavuta sigara, aache. Amweleze daktari kwa maneno haya haya: huenda niliguswa na haradali ya salfa, mwaka fulani, mahali fulani, dalili zilianza baada ya saa kadhaa. Daktari asiyeambiwa hatawaza sumu hiyo, kwa sababu hajawahi kuiona. Aende na mkataba wake wa kazi, kitambulisho cha kambi, picha za wakati ule kama anazo, na majina ya waliokuwa naye zamu ile. Yakithibitika, nyaraka hizo ndizo atakazohitaji wakili kuulizia bima ya kazi ya wakati ule, na madai ya namna hiyo huwa na ukomo wa muda, kwa hiyo asingoje hadi mdahalo wako uishe.